Mnaosifia tairi pana nyuma, tuambieni na upande wa pili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na Jumamosi naanzaga na ukurasa wa magari kabla hata ya mpira. Juzi mmeweka picha ya Toyota Mark X imeshushwa, nyuma imevaa rimu pana zilizozama ndani, mbele nyembamba, na maneno chini ya picha yakasema gari ya spoti bila tairi pana nyuma haijakamilika. Nimeyasoma mara mbili yale maneno. Naandika kwa sababu najua kuna kijana mahali ameikata ile picha kaenda nayo kwa muuza rimu, hela yenyewe kaidunduliza miezi, na hakuna aliyekaa naye chini akamwambia kile anachokwenda kununua kitakuja kumdai nini.

Vijana wanauita stagadi, yaani mbele saizi yake na nyuma saizi yake, na zikiwa zote nne saizi moja wanaita skwea. Mi nimeendesha vyote viwili kwenye gari moja, BMW E90, ile 325i ya injini ya lita mbili na nusu yenye nguvu za farasi 218, inayosukumwa na tairi za nyuma. Nimeinunua imetumika Japani, ikaja na rimu za kiwandani za inchi 18, mbele 225/40 nyuma 255/35, na nakiri kabisa ilikuwa nzuri, ukisimama nyuma yake pale petroli steshen unaona kitu kimekaa chini kimejaza, mpaka watu wanageuka.

Kwa asiyejua hizo namba, 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 40 ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya huo upana, 18 ni inchi za rimu. Kwahiyo 225/40 ubavu wake ni milimita 90, na 255/35 ni 89 na kidogo. Ukijumlisha ubavu wa juu, wa chini na rimu yake katikati unakuta mbele tairi ina kimo cha milimita 637 na nyuma 636, karibu sawa, na hilo halikutokea kwa bahati, kiwanda kilikaa kikapanga hivyo. Shikeni hapo, ntarudi.

Sasa kilichonitokea. Nilikuwa nampeleka mdogo wangu chuoni Dodoma, mwaka wa kwanza, godoro juu, ndoo, sanduku, mama amekaa mbele na kapu lake la maandazi. Tumetoka Dar jioni kwa sababu ya kazi, na tumeikaribia Chalinze usiku kukawa na lori mbele linatimua vumbi la pembeni, nikaliovateki, narudi kwenye laini yangu nikaingia shimo ambalo sikuliona kabisa. Mlio ule ukiusikia mara moja huusahau, kama mtu kapiga bati kwa nyundo chini ya kiti chako. Nyuma kushoto. Nimeshuka na tochi ya simu nakuta ubavu umepasuka urefu wa kiganja, sio pancha ya kuziba, na mdomo wa rimu umejikunja kwa ndani.

Gari yangu haikuja na spea. Zinakujaga na zile tairi ngumu za kutembea bila upepo, na zangu zilishaisha nikavalisha tairi za kawaida, spea sikuweka. Hilo ni kosa langu na nalisema. Lakini sikilizeni kilichofuata. Tumejikokota taratibu mpaka kwenye taa za Chalinze, mafundi wa tairi pale wako macho usiku kucha kwa ajili ya mabasi na malori, vijana wazuri sana, wakanizunguka wanne na kila mmoja anasoma ubavu wa tairi kwa tochi. 195/65R15 zipo, 205/55R16 zipo nyingi tu, hata 225/45R17 ya mtumba ilikuwepo moja. 255/35R18 hakuna aliyewahi kuiuza. Mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, kaka, si tukufunge ya mbele nyuma? Nikamwambia na mbele nitaweka nini.

Tumelala Chalinze. Asubuhi nikampigia muuza tairi Dar, nikamrushia hela kwa simu, tairi ikapandishwa basi la saa kumi na mbili, na ilipofika ilikuwa ya aina nyingine na ile ya kulia, na ukisoma zile namba nne za mwisho ubavuni, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikakuta ina miaka saba. Hizo namba watu hawaangalii, kwa mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, angalieni kabla hamjatoa hela. Nilifunga hivyo hivyo kwa sababu mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao tangu alfajiri na hakulalamika hata mara moja, na mdogo wangu dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku ile.

Hilo la Chalinze ni la siku moja. Kinachokula mtu kimya kimya ni kwamba tairi hizo huwezi kuzizungusha. Kwenye gari inayosukumwa na nyuma zinazoisha haraka ni za nyuma, na kwenye hii yangu miguu ya nyuma imelala kidogo kwa ndani kwa juu, ndivyo ilivyoundwa ishike kona, kwahiyo tairi inaliwa upande wa ndani usiouona. Nje inaonekana ina meno mazuri tu. Siku moja naosha gari nikapitisha mkono kwa ndani nikahisi kitu kinachoma, nikalala chini kuangalia, ni nyuzi za chuma zimeshatoka nje. Nilikuwa nimetoka kubeba watoto wa dada yangu kuwarudisha Kibaha siku iliyopita, barabara ya Morogoro, mwendo wa barabara kuu. Nilikaa pale chini kwenye maji ya sabuni muda mrefu.

Ingekuwa zote nne saizi moja ningekuwa nazihamisha mbele nyuma kila kilomita 8,000 zikaisha pamoja. Kwa stagadi unachoweza ni kubadilisha kushoto na kulia tu, na kama tairi ni zile zenye mshale wa upande wa kuzunguka hata hilo huwezi mpaka uzitoe kwenye rimu. Kwahiyo unanunua za nyuma, halafu unanunua tena za nyuma, za mbele bado zipo, na za nyuma ndo za bei maana ni pana na hazina soko. Ndo hapo watu wengi wanaishia kwenye mtumba, na mtumba wa 255/35 nao unaupata ulivyo, huna cha kuchagua.

Halafu mvua. Watu wanaamini tairi pana inashika zaidi, na kwenye lami kavu ni kweli, ila kwenye maji yaliyotuama upana unakugeukia, tairi pana inapanda juu ya maji mapema kuliko nyembamba, na ikiwa imebakiza meno kidogo ndo kabisa. Masika ya Dar mnayajua. Nyuma ikielea ndo gari inageuka kichwa kuangalia ulikotoka. Ndo maana wataalamu wa tairi wanasema tairi zenye meno mazuri zikae nyuma, hata kama gari inavutwa na mbele. Mwenye skwea anazihamisha tu, mwenye stagadi hana namna mpaka aende dukani.

Nilibadilisha mwaka jana. Nimetafuta rimu za kiwandani za inchi 17 za gari hiyo hiyo, upana wa inchi 8 zote, nikavalisha 225/45 mbele na nyuma. Kimo chake kinatoka milimita 634, kwahiyo spidomita haijadanganya na taa ya ABS, ile ya breki za kuzuia tairi zisigande, haijawaka. Ubavu umetoka milimita 90 kwenda 101. Hizo milimita 11 ukiziona kwenye rula ni kitu kidogo, kama upana wa kidole cha mwisho, ila ukipita kwenye matuta ya Tabata unazihisi mgongoni, na rimu hazijapinda tena mpaka leo naandika. Rimu ya tano nimeinunua ya aina hiyo hiyo na tairi yake, imelala kwenye buti nimeifunga na mkanda, inakula nusu ya nafasi na mke wangu analalamika kila tukienda sokoni, siitoi. Inaingia kona yoyote ya gari. Angalieni hata magari ya Safari Rally kule Naivasha, tairi nne saizi moja na spea zao ndani, kwa sababu jiwe halichagui linachana ya mbele au ya nyuma.

Na uendeshaji ndo ulinishangaza, maana nilijua napunguza raha ya gari. Zamani ukiingia kona kwa mwendo mbele ilikuwa inagoma, unakata usukani gari inataka kwenda nje, unaongeza kukata. Viwanda vinafanya hivyo makusudi, wanaona bora dereva wa kawaida apotelee kwa mbele kuliko kwa nyuma. Sasa hivi mbele inaingia pale ninapoielekeza, usukani umekuwa mwepesi, gari imekuwa kama imepungua urefu. Nisidanganye, kuna ninachokipoteza, ukikanyaga mafuta unatoka kwenye kona na lami imelowa nyuma inateleza mapema zaidi na ile taa ya kuzuia kuserereka inapepesa, kwahiyo mguu lazima uwe na adabu.

Wala sisemi stagadi ni upumbavu. Porsche 911 injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito mwingi umekaa kule, tairi pana nyuma lazima. Supra mpya ina 255 mbele na 275 nyuma kwa sababu ina nguvu ya kuzitumia. Ila Mark X ya lita 2.5 inayokwenda kazini Ubungo na kurudi, nguvu za kuhitaji 265 nyuma inazitoa wapi? Kama mtu anataka kwa ajili ya muonekano ni haki yake na hela yake, gari ni raha pia, nachoomba aambiwe ukweli wote kabla hajalipa.

Sasa lile nililosema ntarudi, la vimo vya mbele na nyuma kuwa karibu sawa, na hapa Mhariri naomba msipunguze hata mstari. Yale maneno yenu ya chini ya picha hayakutofautisha gari zinazosukumwa na nyuma na zinazotembea kwa miguu yote minne. Kuna Mark X ambazo ni foo wili, zinafanana kabisa kwa nje, na Subaru ndo zimejaa mtaani. Jamaa yangu ana Impreza, kaweka mbele 225/45R17 na nyuma 245/45R17, akaona sawa maana 45 na 45 na 17 na 17. Hesabu inakataa. Ile 45 ni asilimia ya upana, upana ukiongezeka na kimo kinapanda, mbele inatoka milimita 634 na nyuma 652. Maana yake kila kilomita moja tairi za mbele zinazunguka kama mara 14 zaidi ya za nyuma. Dar mpaka Morogoro ni zaidi ya mizunguko 2,500 ya ziada, na hiyo tofauti yote inabebwa na ile difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, ambayo imetengenezwa ifanye kazi hiyo kwenye kona na kwenye utelezi, sio masaa matatu mfululizo. Inachemka, inakufa. Yeye alianza kusikia gari inajivuta akikata usukani mpaka mwisho kwenye parking, akadhani ni bushi, zile raba za kwenye viungo vya miguu ya gari, kabadilisha bushi.

Inawezekana kuweka pana nyuma kwenye gari ya miguu minne, Nissan GT-R inayo, mbele 255/40R20 nyuma 285/35R20, lakini angalia walivyofanya, wameongeza upana wakashusha ile namba ya pili, vimo vikatoka 712 na 707. Hapo muuza rimu wa mtaani hajafika na kalkuleta iko kwenye simu yake.

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Mkiweka tena picha ya gari yenye rimu za namna hiyo, chini yake andikeni saizi ya mbele na ya nyuma, vimo vyake kwa milimita, na gari inasukumwa na tairi zipi. Ni mistari miwili tu.

Rimu zangu za 18 bado ziko stoo, moja imenyooshwa na unaona alama ya joto pale iliponyooshwa. Wiki iliyopita kuna kijana mwenye Mark X alikuja kuziulizia, ana hela mkononi kabisa. Nikamwambia hazikuingii, bolti zangu zimekaa duara la milimita 120 na zako 114.3, na tundu la katikati langu ni 72.6 lako 60.1. Akasema kuna fundi kamuahidi atampatia adapta za kuunganisha. Nikamwambia kaa kwanza tunywe chai, nikachukua karatasi tukaanza kuandika hizi namba, na kufika kwenye bei ya tairi za nyuma akaniomba ile karatasi aondoke nayo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam