Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyeusifu Mnazi Wangu

Kwa Mheshimiwa unayetia sahihi leseni za vileo hapa Malindi,

KUH: LESENI YANGU, MGEMA WANGU NA AHADI YAKO

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumai u mzima pamoja na watu wa nyumbani. Sisi huku nyuma ya mtaa wa Barani tungali tunapumua, ingawa wiki hii tunapumua siki, maana mnazi, pombe yetu ya minazi, uliomwagwa na askari wako Jumanne umeingia mchangani na jua la Malindi limemalizia kazi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha nimezileta ofisini kwako mpaka bawabu ananiita kwa jina la kifungua mimba wangu. Zinapokewa vizuri. Zinapigwa muhuri, zinaingia ndani, na zikishaingia hazina habari tena. Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa kiti wewe ni baba, kwa hiyo nitajitahidi kukuheshimu mpaka mwisho wa barua. Nikiteleza njiani, nivumilie kama nilivyokuvumilia.

Nianze na ile Jumamosi. Kile kiwanda kidogo cha bia kilichofunguliwa upande wa baharini kilikuwa na sherehe. Kijana mwenyewe alikuja hadi mangweni kwangu, ninapouzia mnazi, akakaa kwenye benchi na wazee, akaniomba nilete mnazi ili wageni wake wauonje pamoja na bia zake. Simchukii kijana yule, na ningependa hilo lieleweke kabla watu hawajaanza kunilisha maneno. Alinilipa mkononi, na alinilipa kabla sijashusha mzigo. Nilipewa meza yenye kitambaa cheupe kando ya matangi yake ya chuma yanayong'aa, na mbele ya meza kibao kimeandikwa kwa chaki: UTAMADUNI. Basi nikakaa nyuma ya utamaduni, nikangoja wateja.

Nimeona mengi usiku ule. Watu wa Nairobi, Wataliano wetu wa siku zote, vijana wa hapa hapa waliovaa vizuri, kila mmoja na ubao wenye vitundu vinne, na kila kitundu kina glasi ndogo: bia ya manjano, nyekundu, yenye ukungu, na nyeusi tititi. Hawainywi, wanainusa kwanza. Wanafumba macho. Kijana anawaeleza kwamba shayiri yatoka Narok, kwamba hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yanaletwa kutoka ng'ambo, na kwamba bia yahitaji wiki kadhaa ndani ya tangi kabla ya kufikia mdomo wa mtu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Napenda mtu anayeijua kazi yake.

Mgeni mmoja akanigeukia akaniuliza mnazi unatiwa hamira gani. Nikamwambia hautiwi kitu. Mgema akishuka nao alfajiri ni mtamu, ukifika adhuhuri umeanza kuchemka wenyewe, jioni unampiga mtu, na ukilala sana unakuwa siki ya kutilia kachumbari. Nikamwambia pia kwamba dumu la mnazi halikazwi kifuniko, kwa sababu likikazwa litarusha kifuniko njiani na kumlowesha mwenye bodaboda mgongo mzima. Alicheka, akaandika kwenye simu yake. Bei ya glasi moja aliyokuwa ameshika ingewanywesha watu wanne kwangu mpaka waanze kuimba.

Ndipo ukaja wewe na msafara wako. Ukakaa mezani pangu, ukapewa mboko, kile kibuyu cha kunywea, na mrija, wapiga picha wakakuzunguka. Ukavuta, na ulivuta kama mtu anayejua, Mheshimiwa, sikukuona ukikunja uso. Ukasema mnazi ule ni safi. Ukaniita mama yetu. Ukawatangazia wageni kwamba chini yako mnazi utapewa heshima yake na kila mama mwenye mangwe atapata leseni bila kuzungushwa. Makofi yalipigwa. Mgema wangu alikuwa amesimama kando ya spika kwa shati la kuazima, ukampa mkono. Mkono ule hakuunawa hadi kesho yake.

Muziki ulikwenda mpaka saa nane usiku. Sheria ya mwaka 2010, hii tunayoiita ya Mututho, inataka baa zifungwe saa tano. Mimi sisemi kitu. Askari wako walikuwepo, walikuwa wanaelekeza magari pa kuegesha.

Jumanne nilifungua saa kumi na moja jioni, kama sheria hiyo hiyo inavyotaka siku za kazi. Hata saa kumi na mbili haijafika, lori likasimama. Nikaulizwa leseni. Nikatoa nilicho nacho: risiti ya malipo, nakala ya maombi yenye muhuri wa ofisi yako, na cheti cha mtu wa afya aliyekagua choo na kisima. Aliyevishika akavisoma, akavikunja, akavitia mfukoni mwake. Mpaka leo vimo humo. Wazee wangu wakachuchumalishwa kando ya ukuta, watu wenye wajukuu. Madumu yakapinduliwa moja baada ya jingine, kisha matupu yakatupwa ndani ya lori, sijui yana kosa gani. Mmoja wa askari wale nilimtilia mnazi mwenyewe Jumamosi, akaniongeza sifa. Jumanne hakunitazama usoni.

Mgema wangu akatokea katikati ya vurugu hiyo, amekuja kuchukua pesa zake za wiki. Kotama, kisu chake cha kugemea, ilikuwa kiunoni, kwani mgema aiweke wapi? Ikaitwa silaha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu hakutia hata tone. Alisifiwa Jumamosi, Jumanne akatiwa pingu.

Sijui kama unafahamu kumlaza mgema rumande ni hasara ya namna gani. Mnazi hukwewa asubuhi na jioni. Kila akipanda, analikata karara, lile chipukizi la maua ya mnazi, kidogo tu, upana wa ukucha, ili kidonda kibaki wazi na maji yaendelee kudondoka kibuyuni. Akikosa kupanda siku mbili tatu, karara linakauka. Huwezi kurudi ukaendelea ulipoachia, unaanza na karara jingine, unalifunga, unalizoeza, unangoja. Na minazi yenyewe si yake, ameikodi huko Ganda kwa mtu anayetaka kodi yake hata kama mgema alilala juu ya sakafu ya saruji. Alipotoka alikwenda kuiangalia kabla hajakwenda kwake. Aliporudi kuniambia, nilimwona tu alivyokaa.

Sasa nimekuwa nikijiuliza sababu, maana hakuna aliyenieleza. Wengine wananiambia ni wenye mabaa ya barabara kubwa, kwamba mishahara ikichelewa wateja wao wanashukia kwangu, na wao wana simu zako zote. Huenda. Wengine wanasema ni ushuru, bia inalipa na mnazi haulipi. Kama ni hivyo, niambieni kiasi nilipe, nani amekataa? Kuna wanaosema ni kikosi kipya ambacho hakijasalimiwa. Hapo nanyamaza, nina watoto. Na jirani yangu mmoja anaapa kwamba unataka kusafisha mji kabla ya watalii wa Disemba, wakati watalii wenyewe walikuwa wanapanga foleni mezani pangu. Pengine ni yote kwa pamoja. Pengine si lolote kati ya hayo, na lori lilikuwa na mafuta tu siku hiyo.

Najua mtaniambia habari ya pombe za sumu. Tulisikia ya Kirinyaga, Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa, Mungu awarehemu. Lakini hata wewe ulisoma magazeti: iliripotiwa kwamba kinywaji kile kilitoka kwenye vidhibiti, yaani pombe ya ushahidi, vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi. Hakikutoka juu ya mnazi wa Ganda. Wako watu wanaochanganya vidonge na dawa ndani ya mnazi, hilo silifichi, na mimi ndiye wa kwanza kutaka washikwe kwa sababu wananiharibia jina. Lete mtu wa afya na chupa yake, achote katika dumu lolote, saa yoyote, akapime. Jumanne hakuna aliyechota. Mlimwaga kwanza, sasa mtapima mchanga?

Mwaka huo huo wa 2024 muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ulipopigwa marufuku huku Pwani, angalau ilitangazwa. Kamera ziliitwa, waliopinga wakakimbilia mahakamani, kila mtu akajua yuko upande gani. Mnazi haukutangazwa kitu. Hauruhusiwi, haukatazwi, unamwagwa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliwapa nyinyi wa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Tulifurahi. Tulisema sasa anayetoa leseni ni mtu wetu, anayejua mnazi ni nini. Nimejaza fomu ya baa kwa sababu karani aliniambia fomu ya mnazi bado. Fomu ya baa inataka nieleze friji zangu, kaunta yangu na mlango wa dharura. Mimi nina makuti, mabenchi na mwarobaini. Mlango wa dharura ni pande zote nne. Shule iliyo karibu imezidi mita 300 zinazotakiwa, nilimleta fundi na kamba yake akapima. Karani akaandika, akasema ngoja. Bado nangoja. Kijana wa kiwanda, matangi yake yalikuwa hayajafungwa hata mabomba, leseni ilikuwa imeshatundikwa ukutani. Nimeiona kwa macho yangu, ina fremu.

Hainiumi kwamba yeye amepata. Inaniuma kwamba kinywaji ambacho binti wa Kigiriama haolewi bila hicho, ambacho wazee hawakai kuamua kesi bila kadzama, kibuyu cha mnazi, mbele yao, ambacho humiminiwa koma, mizimu ya wazee wetu, tukiomba mvua, kinakuwa utamaduni kikiwa juu ya kitambaa cheupe na kinakuwa uhalifu kikiwa kwangu. Bia ya kiwandani ilianza kutengenezwa Kenya mwaka 1922, kule Ruaraka. Vasco da Gama alipotia nanga hapa 1498 aliikuta minazi imesimama. Tunapomkumbuka Mekatilili, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, hapa mjini, nyinyi wakubwa hukaa hemani na wazee wa Kaya, walinzi wa misitu yetu mitakatifu, na mnazi upo, wala sijasikia mzee yeyote akiulizwa leseni.

Na mimi nimebaki na nini? Mume wangu alifariki akiwa baharini, mangwe ndiyo iliyonibakia. Kwa mnazi huo nimesomesha wawili, mmoja ni fundi umeme, wewe mwenyewe umewahi kumwita nyumbani kwako kutengeneza jenereta. Wa mwisho yuko sekondari, na Jumatano alirudishwa kwa ajili ya karo. Mwenye duka amefunga daftari langu la mkopo. Mabenchi mawili yamevunjwa miguu. Wazee wanapita jioni, wanatazama pale pa kukaa, wananisalimia kwa upole mno, wanaendelea na njia. Baadhi yao sasa wanakunywa vile vichupa vya barabarani ambavyo hakuna ajuaye vimetiwa nini. Hilo ndilo mlilolitaka?

Nimeambiwa nitaje madai yangu kwa mpangilio. Sina mpangilio. Nataka madumu yangu, ni sita, ya manjano, yana alama ya rangi nyekundu kwenye mshikio. Nataka risiti na nakala zangu zilizomo mfukoni mwa mtu. Nataka mgema arudishiwe kotama yake, kwa kuwa ilikuwa ya babake na ya dukani haikati hivyo. Nataka fomu ya mnazi ichapishwe, ada yake ilingane na mnazi wala si na baa ya ghorofa. Lakini najua mambo ya ofisi, ukiomba sita hupewi hata moja. Basi yaache yote. Nipe leseni uliyoniahidi mbele ya watu.

Ijumaa asubuhi nitakuja. Nitakaa kwenye benchi la kusubiria, na safari hii sitaondoka kwa kuambiwa bwana mkubwa yuko mkutanoni. Unipe karatasi moja kati ya mbili: leseni, au barua yenye sahihi yako inayosema kuwa mnazi umepigwa marufuku Malindi. Hiyo ya pili nitaipeleka kwa wazee wa Kaya mimi mwenyewe, nitawasomea.

Wako mtiifu, mpaka sasa,

Mama wa mangwe, nyuma ya Barani

Tanbihi: Yule kijana wa kiwanda amenipigia simu. Mwezi ujao ana sherehe nyingine, anataka madumu matano, na ameniambia mgeni wa heshima ni wewe. Nimjibu nini?