Katika nyimbo zetu, nani anayetenda?

Mhariri,

Ninafundisha kwaya ya vijana katika usharika mmoja hapa Morogoro. Naandika kwa sababu ya jambo linaloniumiza karibu kila Jumapili: tunaimba mbele za Mungu, lakini tunajiimba wenyewe.

Alhamisi moja mwezi uliopita, kijana wetu alileta mazoezini wimbo aliotunga. Sauti zake ni tamu na kiitikio unakishika mara moja. Niliandika maneno ubaoni, nikawaomba wanakwaya wapigie mstari kila kitenzi. Nitainuliwa. Nitashangaza wengi. Nitaketi na wakuu. Walionicheka watanipigia makofi. Beti 3 zilikwenda hivyo, na Bwana alitajwa mara 2 tu, kwenye kiitikio. Dada mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Nitainuliwa na nani?" Tukatazamana.

Lugha yetu haifichi jambo hili, maana kitenzi cha Kiswahili mara nyingi humbeba mtendaji wake. Fungua Zaburi ya 23. Mimi nimo, tena tele: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Hata watesi wangu wamo, aya ya 5. Lakini anayetenda ni Bwana, na mimi ni ile "ni" ndogo iliyo katikati ya kitenzi, natendewa. Hata ninaposema sitaogopa mabaya, sababu inafuata papo hapo: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Katika nyimbo nyingi tunazotunga sasa, ile "ni" imetoka katikati ikakaa mbele, na Bwana hana nafasi hata ndani ya kitenzi.

Sisemi tuache mapambio, wala sina neno na gitaa na ngoma. Zaburi ya 150 inaagiza matari, matoazi na kucheza. Wala tatizo hili halikuletwa na vijana wa leo. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alikiri zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba kila alipoguswa na uimbaji kuliko kinachoimbwa, alihesabu kuwa ametenda dhambi. Hata hivyo hakutaka kanisa liache kuimba. Alijichunguza, nasi tujichunguze.

Liko na suala la spika. Jumapili iliyopita mama mmoja mzee, anayejua tenzi kwa moyo, alisimama karibu na nguzo, kitabu kimefungwa mkononi, midomo imetulia. Wimbo ulikuwa anaoujua. Ila maiki za waimbaji 6 na kinanda vilijaza nyumba nzima, na waliomzunguka walikuwa wameinua simu wakirekodi. Ibada ilikuwa yake pia, na tulimnyang'anya.

Nawaomba wachungaji wayasome maneno ya wimbo mpya kabla haujafika madhabahuni, kwa sababu waumini hukumbuka wimbo hadi Jumamosi wakati mahubiri wameshayasahau Jumatatu. Na mafundi mitambo wapunguze sauti mpaka usharika ujisikie ukiimba.

Yule kijana hakukasirika. Alirudi Alhamisi iliyofuata na karatasi iliyojaa mikwaruzo. Ubeti wa kwanza sasa unaanza na neno "Huniinua", na aliyetajwa kabla yake ni Bwana. Tutauimba Jumapili ijayo, ibada ya kwanza, na kinanda peke yake.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro