Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: tupe mahali pa kushonea nguo za fagia

Mheshimiwa Gavana, salamu kutoka Gikomba, soko la mitumba.

Bale, lile furushi la mitumba, tunanunua ikiwa imefungwa, kilo 45, hakuna anayeona ndani, kamba ikikatwa ndio unajua umebahatika ama umeliwa. Kamera, zile nguo nzuri kabisa, zinaenda kwanza, halafu za katikati, mwisho inabaki fagia, zile za mwisho kabisa: jinzi imepasuka magoti, shati lina doa la rangi, hudi zipu imekufa. Hiyo fagia ndio naomba tuiongelee, sababu ikikosa mtu hata kwa bei ya kutupa inaishia jaa la Dandora ama inasukumwa Mto Nairobi hapo nyuma, na nguo nyingi siku hizi ni poliesta, plastiki tu imesokotwa, haiozi, mvua ikija inabebwa mpaka Athi, mpaka Sabaki, mpaka baharini huko karibu na Malindi.

Na sisi mafundi tunaihitaji! Jinzi mbili za kupasuka zinatoa jaketi ya mtoto ama begi ya shule, lakini kazi kubwa si kushona, ni kufumua. Ule mshono wa pembeni umepigwa mara mbili, unaufuata na wembe polepole usijeruhi kitambaa, zipu na vifungo unaweka kando, unafua, unapiga pasi, ndio ukate, na sindano iwe namba 16 kwenda juu la sivyo inavunjikia pale kwa maungio mazito. Hiyo yote inataka nafasi, maji na stima, na kibanda cha kando ya barabara hakina.

Wengine wanasema mitumba ipigwe marufuku tu. Tuliona 2020, kuanzia Machi mpaka Agosti, iliposimamishwa sababu ya korona, watu walivyoumia. Tusirudi huko.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha taka, kinachofaa kutumika tena kisiende jaani. Basi kimoja kiwe cha nguo, na kiwe hapa hapa Gikomba, maana nguo ikishafika Dandora imelowa uchafu wa jikoni, haifai hata kuwa tambara la gereji.

Si lazima iwe ghorofa. Mabati, sakafu ya simiti, mfereji, soketi za kutosha, meza ndefu za kukatia. Muuzaji alete fagia yake jioni auze kwa kilo, fundi anunue kwa kilo, na vijana waliosomea ushonaji lakini hawana cherehani wakodishe kwa siku. Vizima moto viwekwe kuanzia siku ya kwanza, tafadhali, Juni 2018 moto ulichukua watu 15 hapa na hatujasahau.

Mheshimiwa, kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikiitishwa tunaomba hili jambo liwe ndani. Mafundi tutakuja, na wauzaji wa bale pia.

Fundi cherehani, Gikomba