Pesa Yako ya Rangi

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Mguu wa mamako umepoa, kusi limeanza na bahari imechafuka. Nakuandikia kwa ajili ya zile elfu ishirini na tano ulizotuma nikaipake rangi pikipiki ya Honda ya babu yako. Sikuipaka. Usinipigie simu bado, soma kwanza hadi mwisho.

Wewe umeijua ikiwa imelala chini ya makuti pale uani, kuku wanatagia kitini. Babu yako aliinunua mkononi kwa mtu, miaka michache baada ya Uhuru, na kila asubuhi ilibeba kikapu cha samaki kutoka hapa Malindi hadi Gede. Kumbe ni C100, ile Super Cub ya kwanza kabisa, Honda waliitoa mwaka 1958. Mimi sikujua. Kwangu ilikuwa Honda tu, basi.

Kutojua huko ndiko kulikokula pesa ya mwanzo. Niliagiza pistoni na gasketi, nikasema nataka za Honda ndogo ya cc 50. Kikaja kifurushi kizuri, kumbe ni vitu vya C50. Kwa macho pikipiki hizi ni pacha. Lakini C50 ilitoka 1966, valvu zake zinaendeshwa na shafti iliyo juu kichwani, inayozungushwa na cheni. Yetu valvu zinasukumwa kwa vijiti kutoka chini. Pistoni ya C50 ina upana wa milimita 39, ya C100 ni 40. Niliitia kwenye silinda ikatumbukia kama kokoto kisimani. Shilingi 6,500 hizo. Bado iko kabatini, nyuma ya vitambaa. Mamako hajui, nawe huna haja ya kumwambia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mambrui, fundi wa zamani, ambaye alisikia sokoni kwamba kuna fundi cherehani anajisumbua na pikipiki. Alikuja bila kualikwa. Akatia mate kidoleni, akafuta ubavu wa injini mpaka namba ikaonekana, ikaanza na C100. Hapo akaninyang'anya bisibisi. "Weka chini hiyo, utaniharibia injini." Injini yake tangu lini, nami namnywesha kahawa yangu!

Lakini alikuwa na haki. Zile skrubu za vifuniko zina msalaba kama msalaba wowote, ila msalaba wa Kijapani una kipimo chake. Bisibisi tulizozoea ni za Phillips, hazikai mpaka chini. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, inatafuna kichwa cha skrubu hadi kinakuwa shimo la mviringo. Nilikuwa nimeshatafuna tatu. Miaka arobaini nafungua na kufunga vyerehani, nikidhani skrubu nazijua. Bisibisi yenyewe ilitoka Mombasa kwa 1,800, na skrubu zilizobaki zikatoka kama jino la maziwa.

Baada ya mzee wakaja wengine. Kuna Mtaliano anayekaa upande wa baharini, ana Yamaha ya miaka ya sitini anayoipangusa kama mtoto mchanga. Kuna kijana wa bodaboda ambaye abiria wakikosekana anakuja kushika taa. Kuna fundi wa kuchonga vyuma Mombasa ambaye sijawahi kuonana naye, tunajuana kwa simu na kwa vifurushi vya basi. Ijumaa jioni hukutana barazani kwetu, na kelele zao mamako amezizoea kuliko anavyokiri.

Tangi lilikuwa limejaa kutu. Kijana alitaka kulitia kokoto na kulitikisa. Mtaliano akasema hapana, akaniuliza kama kuna magadi. Magadi yale yale ya kulainishia kunde! Tukayeyusha kwenye maji, tukajaza tangi, tukaning'iniza ndani chuma kimoja kisichogusa kingo, tukaleta chaja ya betri. Waya hasi kwenye tangi, waya chanya kwenye chuma. Ukigeuza, tangi ndilo linaliwa. Usiku kucha ilikuwa ikitoa vipovu, na kwa sababu vipovu vile ni haidrojeni, nilimkataza mamako kuwasha jiko la makaa uani. Siku hiyo tulikula mkate na chai ya kwenye thamosi. Asubuhi maji yalikuwa rangi ya mto Sabaki wakati wa mvua, na ndani ya tangi chuma kitupu, cheusi.

Silinda ilikuwa imelika, ikabidi ichongwe. Pistoni za Honda zinapatikana zilizozidi robo milimita, nusu, na kuendelea. Yetu ilifika nusu. Mtaliano alimpata mwenzake Uholanzi mwenye pistoni hiyo pamoja na ringi zake, na akakataa kata kata nimlipe. Nimemshonea kanzu. Kuchonga kumekula 4,000, tairi na tyubu za inchi 17 zimekula 7,200.

Sasa rangi. Nilipokuwa naosha zile ngao za plastiki za kukinga miguu, niligeuza ya kushoto upande wa ndani. Ilikuwa imechorwachorwa kwa msumari. Nikadhani ni watoto. Nikaleta miwani. Ni Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa babu yako: seremala, changu wanne. Mama wa mahamri, nguru nusu. Mwalimu, tasi sita. Deni lililolipwa amelipitisha mstari. Ya seremala haina mstari.

Basi barazani ikawa vita. Mtaliano anasema ngao mpya zinauzwa, tupate mpya, tupake kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kijana anasema tupige msasa tupulize rangi. Mzee wa Mambrui alinyamaza mpaka kahawa ikaisha, kisha akaniuliza, "Kiwandani walikuwa wakikopesha samaki?" Nikaosha buluu iliyobaki kwa sabuni, nikaipaka nta, nikaiacha.

Kuwaka ilikataa siku tatu. Tatizo lilikuwa pointi, zile ncha za chuma zinazokata umeme ili plagi itoe cheche, zimevaa ukungu chini ya flaiwili. Tukazisugua, tukapima mwanya, milimita 0.35. Alhamisi baada ya alasiri, teke la nne, ikakohoa, ikashika. Kuku wakahama.

Nimeiendesha hadi gatini na kurudi. Nilibana breki ya mbele ghafla, na pua ikanyanyuka badala ya kuinama, ndivyo shokapu zake zilivyo. Wajapani husimulia kwamba klachi yake iliundwa ijiendeshe ili kijana wa kupeleka tambi aendeshe kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Mimi sina habari za tambi. Ninachokumbuka ni kukaa mbele ya babu yako, mkono wake wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umenikamata tumboni, unanuka samaki.

Kiti nimekishona mwenyewe. Spoki, gasketi sahihi na vikorokoro vimekula 3,100. Zimebaki 2,400. Niambie nikurudishie, au nikunulie kofia ya kuendeshea, maana ya kwangu haikutoshi.

Babako