Barua kwa Swahiba Aliyeko Tanga Kuhusu Kujifunza Kuigiza

Magomeni,
Bagamoyo.

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani Ngamiani. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, hasa pale unapouliza kama kuna haja ya mtu anayewavunja watu mbavu arusini kuja kukaa darasani, ilhali simu anayo na watazamaji wamo humo humo. Sikulaumu, kwa kuwa nami niliingia TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo watu wengi wa hapa bado wanaiita Chuo cha Sanaa kama ilivyojulikana tangu mwaka 1981, nikiamini kwamba kipaji kimeshakamilika na kilichobaki ni cheti tu.

Imani hiyo ilinitoka siku ya zoezi la kuigiza papo kwa papo. Katika zoezi hilo hakuna maneno ya kukariri. Watu wawili hupewa mahali na jambo, wakaanza. Mwenzangu alinigeukia akasema, "Nahodha, jahazi linaingiza maji!" Nami, kwa uchu wa kuchekesha, nikamjibu kwamba mimi si nahodha bali ni muuza kahawa. Darasa liliangua kicheko, lakini mchezo ukafia hapo hapo, kwa sababu nilikuwa nimelikana jahazi lake na hatukuwa tena na pa kusimama. Mwalimu alituuliza jambo moja tu: mtu akisema "Kitendawili!" na mwenzake akakataa kusema "Tega!", kitategwa vipi? Tuliporudia nilijibu, "Basi tupunguze shehena, na tuanze na wewe," naye akaanza kunitajia abiria wote wazito kuliko yeye, akaishia kwangu. Sijawahi kusikia darasa lile likicheka namna ile.

Mazoezi mengi ya aina hii yametokana na michezo ya Viola Spolin, mwalimu wa Chicago aliyewafundisha watoto wa wahamiaji kuigiza kwa kuwachezesha badala ya kuwahutubia. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, ukumbi wa vichekesho uliofunguliwa katika jiji hilo hilo mwaka 1959. Hata hivyo, wewe uliyekulia kwenye malumbano ya washairi wa Tanga hutaona ugeni mkubwa.

Kuhusu jukwaa na kamera, ningekushauri uanze na jukwaa, ingawa najua moyo wako uko kwenye kamera. Jukwaani utajifunza kuitoa sauti tumboni badala ya kooni, jambo ambalo upepo wa bahari hapa utakulazimisha ulijue upesi. Kisha ukienda mbele ya kamera utatakiwa kupunguza karibu kila ulichojifunza, maana picha ikichukuliwa kwa karibu, jicho likipepesa tu limeshasema. Mara yangu ya kwanza kupewa nafasi ndogo katika filamu niliongea kama ninayemwita mvuvi aliye ng'ambo ya mkondo, hadi mwongozaji akaniuliza kwa upole ni nani aliyepotea. Tena nilishika kikombe kwa mkono wa kulia, na tuliporudia nikakishika kwa wa kushoto, ikabidi tuanze upya, kwa kuwa vipande hivyo visingeunganika.

Wewe mchekeshaji utapata taabu nyingine. Jukwaani hadhira ndiyo inayokupimia mwendo: unangoja kicheko kianze kushuka, unatia neno linalofuata kabla hakijaisha kabisa. Mbele ya kamera hakuna anayecheka, na mpiga picha akicheka anaharibu sauti, kwa hiyo kimya hicho itakubidi ukihesabu mwenyewe kichwani. Mimi bado kinanishinda.

Chumba changu kina kitanda cha pili. Njoo wakati wa Tamasha la Bagamoyo, uangalie maonyesho na kuzungumza na wanafunzi kabla ya kuomba nafasi, na kama hutaona tabu, nibebee machungwa ya Muheza. Niandikie siku utakayosafiri nije kukupokea stendi.

Wasalamu,
Rafiki yako wa siku zote.