Barua kwa mwanangu: usiku baba yako analalaje?

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponiuliza kwenye simu kwa nini ninalia ilhali daktari amesema mshipa umezibuliwa na moyo unasukuma damu inavyotakiwa, nilikujibu kwamba ni uchovu. Haikuwa kweli. Na kwa kuwa jambo lenyewe linamgusa pia baba yako, ambaye wewe na mimi tulimhukumu pasipo kumsikiliza, nimeona ni heri nikuandikie.

Tangu nitoke hospitali, saa ngumu kwangu ni usiku. Taa ikishazimwa, vidole huenda vyenyewe shingoni kutafuta mapigo. Nahesabu, napoteza hesabu, naanza upya. Mara moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, pumzi zinakata, nami nashindwa kujua kama ni hofu tu au mshtuko wa moyo unarudi, maana mwili hutoa dalili zinazofanana kwa yote mawili. (Usihofu: nimefundishwa kwamba maumivu ya kifua yasiyopoa hayakisiwi, msaada wa dharura huitwa papo hapo.) Kukikucha hofu hupungua, lakini nafasi yake hushikwa na kitu kizito zaidi, yaani kuamka nikiwa sina hamu ya chochote, hata ya kumsikiliza mjukuu wangu akinisomea. Hilo lilinitisha kuliko kifua chenyewe.

Huko kwenye utengamao wa moyo, yaani mazoezi na mafunzo ya kumrejeshea nguvu mgonjwa wa moyo, ambako naenda kwa wiki 12, siku yangu ya pili muuguzi alinibandika kifuani vile vinata vyenye nyaya vya kufuatilia mapigo ya moyo, kisha badala ya kuniambia nipande kwenye mashine ya kutembelea akavuta kiti, akaketi mbele yangu na karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. La kwanza lilikuwa ni mara ngapi nimekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya kisanduku cha “hapana kabisa”, nadhani kwa mazoea, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyojibu. Nikamwambia, “Karibu kila siku.” Akaisogeza kalamu taratibu mpaka mwisho wa mstari, akatia alama, wala uso wake haukubadilika. Alama zangu zilipojumlishwa zikafika 16, akanieleza kwamba kuanzia 10 mtu hupelekwa kwa mtaalamu amchunguze vizuri, kwani karatasi peke yake haitoshi kusema mtu ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Kwa maelezo yake, kati ya kila watu 5 waliopata mshtuko wa moyo, takriban mmoja hupata sonona kamili, na wengine wengi hubaki na huzuni au wasiwasi usiofikia hapo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Hata hivyo ni sisi tunaopelekwa kwa uchache kwenye utengamao, na ni sisi tunaoacha mapema. Sikushangaa. Mwenzangu mmoja ameacha juma lililopita kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa anayemuuguza nyumbani, naye mwenyewe ni mgonjwa.

Wanaume wa kikundi chetu hawalitamki neno huzuni. Husema hawana nguvu, au watu wanawaudhi. Mmoja alisimulia jinsi anavyowafokea wanawe na kuufunga mlango kwa kishindo, halafu hukaa peke yake mpaka usiku, na nilipokuwa namsikiliza nilimsikia baba yako. Unaukumbuka mwaka ule aliofanyiwa upasuaji wa moyo? Alihudhuria mazoezi mara 4 tu akaacha. Alikugombeza siku ya mahafali yako, wewe ukahama nyumbani ukiwa na kinyongo, nami nikakuunga mkono nikisema upasuaji umemfanya mkali. Hatukumuuliza kitu, mwanangu. Tulihesabu vidonge vyake na kupima presha yake kila asubuhi, tukaishia hapo.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu si suala la tabia. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba wagonjwa wenye sonona baada ya mshtuko wa moyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya miezi 6, na mwaka 2014 jopo la Chama cha Moyo cha Marekani lilipendekeza sonona ihesabiwe miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari kwa wagonjwa wa aina hiyo. Mwenye sonona huacha dawa, huacha mazoezi, na homoni za msongo humsumbua moyo usiku na mchana. Tiba ipo. Mazoezi yenyewe hupunguza huzuni, nami sasa nakutana na mnasihi kila wiki. Dawa zipo pia, ila baadhi ya zile za zamani hazifai kwa moyo, ndiyo maana daktari wangu wa moyo ameshirikishwa.

Jana jioni nilimsomea baba yako yale maswali 9. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, “La kukasirika halimo?” Nikamwambia halimo. Akasema, “Basi wasingenijua.” Kwa miaka yote hii hakuwahi kuniambia neno la namna hiyo.

Alhamisi nitakwenda naye. Muuguzi ameniruhusu, na viatu vyake vya mpira ameshavitoa kabatini. Nakuomba umpigie kabla ya siku hiyo. Usimuulize habari zangu. Muulize usiku analalaje, na akisema analala vizuri, usikate simu upesi.

Mama yako