Kwa mzee uliyeacha chai yako Makuyuni

Sikukuuliza jina, mzee wangu, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele za watu.

Nilikuwa nimeyatoa matairi ya awali ya Suzuki Jimny yangu, saizi 175/80R16, nikafunga makubwa zaidi, 235/75R15, kwa sababu, niseme ukweli, yalipendeza. Muuzaji alisema yanaingia bila shida. Yaliingia kweli. Ila kila nikikata kona kali, kwaruu! Nilipofika Makuyuni harufu ya mpira ilikuwa imejaa ndani.

Uliweka kikombe chini. "Mwanangu, zungusha usukani mpaka mwisho, polepole." Ukalala vumbini na tochi ya simu, ukanionyesha tairi linavyoila madigadi. Plastiki iliyokuwa inaguswa uliivuta nyuma ukaifunga kwa waya, ili nifike Arusha salama.

Kisha ukapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu: kipenyo cha tairi la zamani milimita 686, kipya karibu 734. Maana yake mshale wa spidi ukisoma 80, mimi natembea zaidi ya 85. Hilo muuzaji hakuligusa kabisa! Kama siinui springi, ulisema, niishie 215/75R15, na rimu za inchi 15 nilizokwisha kununua zitafaa.

Elfu kumi yangu uliikataa, ukarudi kwenye chai iliyokwisha poa.

Nimefunga 215, mzee. Kona ya kwanza nilizima redio nisikilize. Kimya.

Anayemfahamu mzee huyu, tafadhali amfikishie salamu, na amnunulie chai ya moto kwa niaba yangu.